Kutoka Gia za Mkono hadi Otomatiki: Mfano wa Datsun 240Z

Gari la kale la michezo lenye gia za mkono linapobadilishwa kuwa otomatiki, kinachoonekana kwa nje ni kwamba giaboksi moja imetoka, nyingine imeingia, na pedali ya klachi imeondolewa. Kazi yenyewe ni pana zaidi. Giaboksi imeshikana na injini kwa mbele, propela na difu kwa nyuma, na nyaya za stata na taa kwa upande wa umeme. Ikiwa ya otomatiki, imeshikana na rejeta pia. Anayeibadili amegusa vyote hivyo, atake asitake. Ubora wa kazi yake hupimwa kwa mambo mawili: kama viungo hivyo vimepatanishwa upya, na kama gari linaweza siku moja kurudishwa lilivyokuwa bila kovu.

Datsun 240Z linafaa kuwa mfano wa suala zima. Ni gari la michezo la Kijapani lililotoka mwishoni mwa 1969, kwao likiitwa Fairlady Z, na likauzwa kwa wingi hasa Marekani hadi 260Z lilipochukua nafasi yake. Injini yake, L24, ina silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa sentimita za ujazo 2,393, na kwa soko la Marekani ilitajwa kutoa nguvu farasi 151 kwa mizunguko 5,600 kwa dakika. Afrika Mashariki inalikumbuka kwa mashindano ya Safari: Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo mwaka 1971, na mwaka 1973 likashinda tena mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, na mwelekezi wake Lofty Drews.

Otomatiki katika magari ya michezo

Wapo wanaoona kwamba gari la michezo na otomatiki haviendani. Historia haiwaungi mkono. Chevrolet Corvette ya kwanza, ya mwaka 1953, iliuzwa kwa otomatiki ya gia 2 tu. Gia za mkono zilifuata baadaye. Jaguar E-Type ya viti 2+2, iliyotoka mwaka 1966, ilipatikana na otomatiki ya Borg-Warner. Ferrari ilianza kuuza 400 Automatic mwaka 1976 ikiwa na giaboksi ya gia 3 kutoka General Motors. Hata kwenye mashindano, gari la Chaparral lenye torki konveta, kiungo cha oili kinachoshika nafasi ya klachi, lilishinda mbio za saa 12 za Sebring mwaka 1965.

240Z nayo iliuzwa na otomatiki ya gia 3 kwa mnunuzi aliyeitaka. Giaboksi hiyo, 3N71B, ilitoka JATCO, kampuni iliyoundwa mwaka 1970 kwa ubia wa Nissan, Toyo Kogyo iliyokuja kuitwa Mazda, na Ford. Jambo hili lina uzito katika uchambuzi, kwa sababu linamaanisha kwamba wahandisi wa gari lenyewe walikwisha kupiga hesabu za kupatanisha otomatiki na injini, difu na rejeta. Fundi wa leo hahitaji kubuni. Anaweza kufuata njia iliyokwisha kupitwa.

Sababu za kubadili

Sababu nzito kuliko zote ni mwili. Klachi hukanyagwa mara nyingi sana katika safari moja ya mjini, na mtu mwenye goti, nyonga au mguu wa kushoto ulioumia anaweza kushindwa kuliendesha gari analolipenda. Sababu ya pili ni foleni. Ya tatu ni leseni: katika nchi kadhaa, aliyefanya mtihani kwa gari la otomatiki haruhusiwi kuendesha la gia za mkono, na leseni ya Uingereza huonyesha kizuizi hicho kwa namba 78.

Ipo pia sababu isiyotosha, nayo ni uchakavu. Klachi nzito, gia zinazokwaruza na mkono wa gia unaoyumba mara nyingi si tabia ya gari bali ni dalili za ubovu: silinda ya klachi inayovuja, sinkronaiza zilizolika, bushi za mkono wa gia zilizokwisha. 240Z iliyotengenezwa vizuri ina klachi ya haidroliki ambayo mguu wenye afya haulalamikii. Mwenye gari la namna hiyo anapaswa kwanza kurekebisha kilichopo, kisha aamue. Matengenezo hayo ni ya gharama ndogo kuliko ubadilishaji, na huenda yakaumaliza mjadala.

Tofauti ya kiufundi

Katika gari la gia za mkono, nguvu ya injini hupita kwenye flaiwili, kisha kwenye klachi inayobana kwa msuguano, kisha kwenye giaboksi. Klachi ikishabana, injini na magurudumu vimefungwa pamoja kabisa. Katika otomatiki ya enzi ya 240Z, mahali pa klachi pana torki konveta, chombo cha duara kilichojaa oili. Utendaji wake unafanana na feni mbili zilizotazamana: moja ikizungushwa na injini, oili inayosukumwa nayo huizungusha ya pili, ambayo imeunganishwa na giaboksi. Kati yao pana stata ya konveta, gurudumu dogo linaloielekeza upya oili inayorudi, na kwa sababu yake gari linapoanza kuondoka nguvu ya kuzungusha huongezeka takriban mara mbili.

Uunganisho huo wa oili ndio chanzo cha ulaini wa otomatiki, na ndio chanzo cha hasara zake. Feni ya pili daima hubaki nyuma kidogo ya ile ya kwanza, na tofauti hiyo hugeuka joto. Nyuma ya konveta, gia za sayari hubadilishwa kwa klachi ndogo na bendi zinazobanwa kwa presha ya oili. Presha hiyo hutoka kwenye pampu inayozungushwa na injini. Matokeo yake ni kwamba injini ikizimika, giaboksi haina presha wala oili inayozunguka. Gari la otomatiki la aina hii haliwashwi kwa kusukumwa, na halifai kuvutwa mbali magurudumu ya nyuma yakiwa chini.

Hesabu ya gia

Sehemu inayodharauliwa zaidi ni uwiano wa gia. 240Z ya soko la Marekani yenye gia 4 za mkono ilikuwa na uwiano wa 3.549, 2.197, 1.420 na 1.000, pamoja na difu ya 3.364. Ya otomatiki ilikuwa na 2.458, 1.458 na 1.000, pamoja na difu ya 3.545. Kiwanda hakikubadili giaboksi peke yake; kilibadili na difu.

Sababu inaonekana kwa kuzidisha. Gia ya kwanza ya mkono ikizidishwa na difu yake hutoa 11.94. Ya otomatiki hutoa 8.71. Kwa namba hizo peke yake, otomatiki ingeondoka kwa uvivu mkubwa, lakini konveta huongeza nguvu karibu mara mbili gari linapoanza kusogea, na upungufu hufidiwa. Fidia hiyo hupungua kadiri mwendo unavyoongezeka, mpaka inakwisha. Hapo ndipo difu yenye uwiano mkubwa zaidi inaposaidia. Fundi anayefunga 3N71B na kuacha difu ya 3.364 hupata gari linaloonekana limepoteza nguvu, na lawama huangukia giaboksi isiyo na kosa.

Mwendo nao huonyesha tabia ya kila moja. Kwa tairi za awali za inchi 14, ambazo mzunguko wake ni karibu mita 2, injini ikifika mizunguko 5,600 gari la gia za mkono huwa limefikia takriban kilomita 56 kwa saa katika gia ya kwanza, 90 katika ya pili na 140 katika ya tatu. La otomatiki hufikia takriban 77 katika ya kwanza na 129 katika ya pili, kisha hubaki na gia moja tu ya kwenda nayo. Pengo kati ya gia moja na nyingine halitofautiani sana. Kinachokosekana ni idadi ya gia. Dereva aliyezoea kuchagua gia ya pili kwa kona ya kilomita 70 kwa saa atakuta otomatiki ina majibu mawili tu: gia ya kwanza inayolia juu, au ya pili iliyotulia chini. Hayo ndiyo mabadiliko makubwa zaidi ya hulka ya gari, na hakuna marekebisho ya giaboksi ya gia 3 yatakayoyaondoa.

Kwenye barabara kuu, kilomita 100 kwa saa katika gia ya juu huhitaji takriban mizunguko 2,800 kwa gari la gia 4 za mkono na karibu 3,000 kwa la otomatiki, kabla ya kuongeza mteleko wa konveta. Kelele na ulaji wa mafuta hupanda kidogo.

Kuchagua giaboksi

Njia ziko tatu. Ya kwanza ni 3N71B yenyewe, iliyotengenezwa kwa injini za familia ya L. Faida yake ni kwamba kila kipande kinajulikana, mwili wa gari haukatwi, na udhibiti hauhitaji kompyuta. Kasoro yake ni gia 3 na konveta isiyojifunga.

Ya pili ni ndugu yake wa baadaye, L4N71B, ambayo Nissan iliitumia kwenye magari ya miaka ya 1980. Ina gia ya nne ya ovadraivu yenye uwiano wa takriban 0.69, na konveta inayojifunga kwenye mwendo wa kasi, hivyo mteleko huondoka. Kwa difu ya 3.545, kilomita 100 kwa saa hushuka hadi karibu mizunguko 2,050. Kwa safari ndefu hii ni nafuu kubwa. Lakini umbo lake si lile lile, kwa hiyo kiegemeo cha nyuma na propela huhitaji kupimwa na kurekebishwa, na ovadraivu huhitaji nyaya zake.

Ya tatu ni giaboksi ya kisasa inayoongozwa kwa umeme, kama 4L60E ya General Motors au 8HP ya ZF yenye gia 8. Hizi hubadilisha gia kwa wepesi na hupunguza hasara. Lakini injini yenye kabureta haina sensa ya kuonyesha dereva amekanyaga mafuta kiasi gani, na bila taarifa hiyo kompyuta ya giaboksi haijui la kufanya. Lazima iongezwe sensa kwenye kabureta, kompyuta ya kujitegemea, pleti ya kuunganisha giaboksi na injini, na mara nyingi handaki la sakafu hukatwa ili giaboksi ipate nafasi. Kwa gari ambalo lilikwisha kubadilishwa mengi, njia hii ina mantiki. Kwa gari lililo kamili, kukata sakafu ni gharama isiyorudishika.

Kazi yenyewe

Giaboksi ya mkono ikishateremshwa, jambo la kwanza kukaguliwa ni mwisho wa krenki. Hapo katikati pana tundu lenye bushi ndogo inayoshika ncha ya shafti ya giaboksi ya mkono. Torki konveta haina shafti hiyo; ina pua nene inayoingia kwenye tundu hilo hilo ili ikae katikati kabisa. Bushi isipotolewa, pua haiingii, na fundi anayelazimisha kwa kukaza bolti hupinda pleti au huvunja kitu. Kwa hiyo bushi hutolewa na konveta hupewa mwongozo wake kama wa kiwandani.

Flaiwili nzito hutoka pamoja na klachi, na mahali pake huwekwa pleti nyembamba ya chuma yenye meno ya stata kwenye ukingo. Pleti hiyo hufungwa kwa bolti zake. Za flaiwili zina urefu tofauti na hazifai. Sahani kati ya injini na giaboksi hubadilishwa, na stata ya umeme pia, kwa kuwa ya gari la gia za mkono si ile ya otomatiki.

Kisha inakuja hatua inayoharibu giaboksi nyingi kabla hazijatembea mita moja. Konveta lazima iketi ndani kabisa ya giaboksi. Inaingia kwa ngazi: kwanza kwenye meno ya shafti, kisha kwenye shafti ya stata ya konveta, mwisho kwenye makucha ya pampu ya oili. Fundi huisukuma huku akiizungusha taratibu, na husikia ikishuka kila inapopata meno. Baada ya hapo hupima kwa rula kina kutoka ukingo wa giaboksi hadi kwenye masikio ya bolti za konveta, na hulinganisha na kitabu cha matengenezo. Ikiwa konveta haijaingia kwenye makucha ya pampu, bolti zinapokazwa huibana pampu, na injini ikiwashwa pampu hupasuka. Uthibitisho ni mmoja: giaboksi ikishakaa sawasawa dhidi ya injini kwa mkono, bila kukazwa, konveta iwe bado inazunguka kwa uhuru.

Nyuma, kiegemeo hubadilishwa, na urefu wa propela hupimwa. Propela ikikatwa au kurefushwa lazima isawazishwe kwa mashine. Gia ndogo inayozungusha spidomita huchaguliwa kulingana na difu, la sivyo mshale husema uongo.

Ndani ya gari, pedali ya klachi na silinda zake hutolewa, na pedali ya breki huwekwa pana zaidi. Mkono wa gia hupewa swichi ya usalama, ambayo huruhusu stata kufanya kazi kwenye P na N tu na huwasha taa za kurudi nyuma. Wapo wanaoiruka swichi hii kwa kuunganisha waya moja kwa moja. Gari linalowaka likiwa kwenye gia huruka mbele au nyuma bila onyo; swichi hiyo si ya hiari.

Udhibiti na joto

3N71B huamua wakati wa kubadili gia kwa taarifa tatu: mwendo, unaopimwa na gavana inayozunguka na shafti ya nyuma; mzigo wa injini, unaopimwa kwa mvuto wa hewa kutoka kwenye manifoldi ya injini; na swichi ya chini ya pedali ya mafuta, ambayo dereva akikanyaga hadi mwisho hurudisha gia chini. Mpira wa hewa unaopasuka hufanya gia zichelewe na kugonga. Injini iliyofungwa kabureta tatu za mashindano na kemshafti kali hutoa mvuto dhaifu na wa kuruka-ruka, kwa hiyo mipira ya silinda zote hukusanywa kwenye chombo kimoja ili mvuto utulie. Bila hivyo otomatiki haitabadilisha gia ipasavyo, hata ikiwa mpya.

Joto ndilo adui mkuu wa maisha ya otomatiki. Oili yake hufanya kazi vizuri ikiwa kati ya nyuzi 80 na 95 za Selsiasi hivi. Ikivuka 120 huharibika haraka, na vipande vya msuguano na sili za mpira huharibika nayo. Rejeta ya gari la gia za mkono haina njia ya kupooza oili ya giaboksi. Hiyo hubadilishwa kwa rejeta ya otomatiki, na katika miji ya pwani kama Mombasa au Dar es Salaam, penye joto na foleni pamoja, inafaa kuongeza kipooza oili cha pembeni mbele ya rejeta.

Breki nazo hubeba mzigo mpya. Konveta haizuii gari kwenye mteremko kama injini iliyofungwa na gia za mkono. Dereva hana budi kuuweka mkono wa gia kwenye 2 au 1 mapema, na breki za mbele za diski na za nyuma za dramu ziwe katika hali njema kabla ya gari kutoka gereji.

Thamani, uhalisi na njia mbadala

Magari ya 240Z yaliyobaki na mitambo yake ya awali hutafutwa zaidi sokoni, na gia za mkono hupendwa kuliko otomatiki. Anayebadili kwa kutegemea faida ya kuuza amekosea hesabu. FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale, huhesabu gari la miaka 30 na zaidi kuwa la kihistoria, na Mkataba wake wa Turin wa mwaka 2012 huhimiza kwamba mabadiliko yaheshimu gari lilivyokuwa. Mashindano ya kihistoria yanayofuata kanuni za FIA hutaka gari lilingane na enzi zake. Kwa sababu hiyo, giaboksi ya awali, propela, difu, pedali na bolti zake huhifadhiwa zikiwa zimepakwa oili na kuandikwa majina, na kila hatua hupigwa picha.

Kwa mwenye tatizo la mguu wa kushoto peke yake, ipo njia nyepesi zaidi: kuacha giaboksi ya mkono na kuipa klachi mota au silinda inayoikanyaga yenyewe kwa swichi iliyo kwenye mkono wa gia. Wazo hili si jipya; Porsche iliuza 911 yenye mfumo wa Sportomatic wa klachi isiyo na pedali tangu miaka ya 1960. Dereva huendelea kuchagua gia zake zote, uwiano wa difu haubadiliki, rejeta haiguswi, na mwili wa gari haukatwi.

Uamuzi basi hufuata sababu. Aliye na mguu wa kushoto usioweza lakini anayetaka kuchagua gia atafute klachi inayojiendesha. Anayetaka utulivu kamili wa mjini kwa gari lililo kamili atumie 3N71B pamoja na difu na rejeta yake. Anayesafiri mbali atumie L4N71B na kukubali kazi ya propela. Giaboksi ya kisasa iachiwe magari ambayo uhalisi wake umekwisha kupotea. Katika njia zote tatu za otomatiki, majaribio ni yale yale: kiwango cha oili hupimwa injini ikiwa imepata joto na ikiwa inaunguruma, mvujo hukaguliwa baada ya safari fupi, gia husikilizwa zikipanda na kushuka kwa mafuta kidogo na kwa mafuta mengi, na joto la oili hupimwa kwenye foleni, kabla gari halijapelekwa safari ndefu.